Waziri wa Nchi za Nje Mbele ya Maswali: Maisha ya Oscar Kambona

Bunge letu linapokutana Dodoma, moja ya kazi za kwanza za asubuhi ni maswali. Mbunge husimama, hutaja namba ya swali lake, na waziri ahusikaye hujibu. Watu wa Nyololo, kama watu wa vijiji vyote vilivyo kandokando ya barabara kuu iendayo Mbeya, husikiliza kwa makini maswali ya maji, ya mbolea, ya zahanati na ya bei ya mahindi. Likifika swali kwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, wengi hupunguza sauti ya redio. Wanaona ni habari za mbali, zisizomhusu mkulima wala mama wa nyumbani.

Sisi twaona kwamba huko ni kukosea. Neno la waziri wa kilimo likiwa na kosa, laweza kusahihishwa hapa nyumbani kabla ya masika. Neno la waziri wa nchi za nje likishatoka limesikiwa na mataifa, na gharama yake hulipwa na watu ambao hawakuwapo lilipotamkwa. Ndiyo maana yafaa tuyakumbuke maisha ya mtu aliyeishika wizara hiyo katika miaka ya mwanzo ya uhuru wetu, tangu 1963 hadi 1966, naye ni Oscar Salathiel Kambona. Alifariki London mwaka 1997. Vijana wetu wengi wamelisikia jina lake tu, tena kwa minong'ono. Wazee hulikumbuka kwa mapenzi au kwa hasira, na ni wachache wanaolikumbuka kwa utulivu.

Alizaliwa katika kijiji cha Kwambe, karibu na Mbamba Bay, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, katika miaka ya 1920. Baba yake, David Kambona, alikuwa padre wa Kanisa la Anglikana, na nyumba yao ilikuwa nyumba ya walimu. Masomo ya kwanza aliyapata pale pale nyumbani, chini ya mwembe, kwa wazazi wake na kwa jamaa zake. Kisha akaenda shule ya misheni ya Liuli, na baadaye Dodoma katika shule ya Alliance, na mwisho Tabora katika shule ya serikali ya wavulana, ambayo siku zile ilikuwa kilele cha elimu kwa kijana wa Kiafrika wa Tanganyika. Wasomaji wetu waliopitia shule za misheni wataitambua njia hiyo. Mtoto hutolewa ziwani au mlimani, hupelekwa mbali na mama yake, naye hurudi akiwa na lugha ya watawala kinywani na maswali mengi kichwani.

Ni Tabora alikokutana na Julius Nyerere, ambaye siku zile alikuwa mwalimu katika shule ya Kikatoliki ya Mtakatifu Maria. Urafiki ulioanza hapo ulikuja kuwa nguzo ya siasa za nchi, na kuvunjika kwake kukawa jeraha la nchi. Kambona naye alikuwa mwalimu kwa muda, lakini TANU ilipoanzishwa mwaka 1954 hakukawia. Aliiacha kazi yenye mshahara, akawa mwandalizi wa chama kisichokuwa na fedha. Alizunguka akiandikisha wanachama, akiomba michango, akilala alikopata pa kulala. Sifa za miaka ile hupewa wasemaji wa jukwaani, lakini chama hujengwa pia na mtu mwenye daftari na kalamu, ajuaye nani amelipa ada na tawi gani halijafunguliwa. Kambona alikuwa mtu huyo. Alikwenda pia Uingereza kusoma sheria, na mwaka 1960 alifunga ndoa huko London. Aliporudi alikuwa Katibu Mkuu wa TANU, kazi aliyoishika mpaka mwaka 1967.

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, alikuwa Waziri wa Elimu. Huo ndio wakati shule zilizokuwa zimegawanywa kwa rangi, za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, zilipounganishwa kwa sheria kuwa mpango mmoja tangu Januari 1962. Mzazi wa leo aonaye watoto wa kila kabila na rangi katika darasa moja haoni ajabu yoyote, kwa kuwa hajui hali ilivyokuwa kabla ya hapo. Kisha akahamishiwa Mambo ya Ndani, na mwaka 1963 akakabidhiwa Mambo ya Nchi za Nje pamoja na Ulinzi.

Hapa yafaa tueleze kidogo mahali alipokuwa akisimama. Bunge la siku hizo lilikutana katika Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam. Katika kiti cha Spika alikaa mtu wa kwetu, Chifu Adam Sapi Mkwawa wa Iringa, mjukuu wa yule Mkwawa aliyepigana na Wajerumani. Alishika kiti hicho tangu mwishoni mwa 1962 hadi 1973, na tena tangu 1975 hadi 1994. Ni wachache duniani waliowahi kusimamia maswali na majibu ya Bunge kwa miaka mingi kiasi hicho. Taratibu zilikuwa zimerithiwa kutoka Uingereza. Mbunge hupeleka swali lake kwa maandishi kabla ya siku yake, ili waziri apate kuchunguza. Waziri hujibu kwa mdomo mbele ya wote. Kisha huja swali la nyongeza, ambalo waziri hakuletewa kabla. Yote huandikwa katika taarifa rasmi za Bunge.

Wasomaji wazingatie nguvu ya hilo swali la nyongeza. Jibu la kwanza huandikwa na makatibu wizarani, na waziri yeyote ajuaye kusoma aweza kulisoma vizuri. Swali la nyongeza ndilo hupima kama waziri anaijua kazi yake na kama anasema kweli. Katika mambo ya nchi za nje kipimo hicho ni kigumu zaidi, kwa sababu waziri ana mambo ambayo haruhusiwi kuyafichua na mambo ambayo haruhusiwi kuyaficha, naye hana budi kutofautisha hayo mawili papo hapo, akiwa amesimama.

Na Kambona alikuwa na mengi ya kueleza. Mwezi Mei 1963 wakuu wa nchi huru za Afrika walikutana Addis Ababa, wakaanzisha Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Waliunda Kamati ya Ukombozi ya kusaidia nchi zilizokuwa bado chini ya wakoloni, wakaiweka makao yake Dar es Salaam, na Kambona akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Tangu siku hiyo mji wetu mkuu ukawa kimbilio la wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Rhodesia, Afrika Kusini na Afrika ya Kusini Magharibi. Ilikuwa heshima kubwa, na ilikuwa hatari pia. Nchi changa, yenye jeshi dogo na hazina ndogo, ilikuwa imejitangaza kuwa mlango wa vita vya wengine, huku Wareno wakiwa ng'ambo ya pili ya Mto Ruvuma.

Miezi minane haikupita kabla ya jaribu la kwanza. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, askari wa kambi ya Colito, ambayo sasa ni Lugalo, waliasi. Walidai mishahara zaidi, na walidai maafisa wa Kiingereza waondolewe ili Waafrika washike nafasi zao. Rais Nyerere na makamu wake, Rashidi Kawawa, walipelekwa mahali pa siri. Kambona, akiwa waziri mwenye dhamana ya ulinzi, ndiye aliyewaendea askari na kuzungumza nao, huku silaha zikiwa mikononi mwao. Yasemwe yote yatakayosemwa juu ya miaka yake ya baadaye, ujasiri wa siku ile hauwezi kufutwa. Siku tano baadaye, kwa ombi la serikali yetu, askari wa Kiingereza walitua na kuyazima maasi.

Baada ya hapo ikaja kazi ya waziri wa nchi za nje. Nchi iliyokuwa imejitangaza kuwa kiongozi wa ukombozi ilikuwa imewaita tena askari wa mkoloni wa jana. Tungewaeleza nini ndugu zetu wa Afrika? Serikali haikungoja kuulizwa. Iliwaita mawaziri wa nchi za nje wa Afrika wakutane Dar es Salaam mwezi Februari 1964, ikawaeleza mambo kama yalivyokuwa, ikaomba msaada wa Kiafrika, na askari wa Nigeria wakaja kushika nafasi ya Waingereza mpaka jeshi jipya liundwe. Twaona hapa mfano mwema. Nchi ilikuwa imeaibika, nayo ilisimama mbele ya wenzake, ikajibu kabla maneno ya pembeni hayajaota mizizi.

Mwaka ule ule, tarehe 25 Aprili, Bunge lilikutana na katika siku moja likathibitisha mapatano ya kuunganisha Tanganyika na Zanzibar. Muungano ulileta furaha, na kwa wizara ya Kambona ulileta pia fundo gumu. Zanzibar ilikuwa imekwisha kuitambua Ujerumani ya Mashariki na kupokea balozi wake. Tanganyika ilikuwa rafiki wa Ujerumani ya Magharibi, ambayo haikukubali kukaa meza moja na ndugu yake. Serikali ya Muungano ikatafuta njia ya katikati: Wajerumani wa Mashariki wawe na ofisi ya konseli tu, pasipo ubalozi. Ujerumani ya Magharibi haikuridhika, na mapema mwaka 1965 ikaondoa msaada wake wa kijeshi. Nyerere akajibu kwa kuwaambia waondoe na misaada mingine pia. Tulijifunza kwamba rafiki akupaye chombo aweza kutaka kukuchagulia na majirani.

Sasa twafika kwenye jambo ambalo, kwa maoni yetu, lina somo kubwa kuliko yote katika maisha ya waziri huyu. Mwezi Novemba 1964 Kambona alitangaza hadharani kwamba serikali imepata hati zionyeshazo njama ya Marekani, pamoja na Wareno waliokuwa wakiitawala Msumbiji, ya kuipindua serikali ya Tanzania. Watu wakawaka. Maandamano yalifanyika Dar es Salaam. Magazeti ya dunia yaliandika. Marekani ilikana mara moja, ikasema hati zile ni za kughushi, na ndivyo wanahistoria wengi walivyokuja kuzihukumu. Mwezi Desemba Nyerere alilituliza jambo hilo, lakini kuaminiana kulikuwa kumevunjika. Mwezi Januari 1965 serikali iliwafukuza wanadiplomasia wawili wa Kimarekani kwa tuhuma nyingine za njama, na Marekani nayo ikamwondoa mwanadiplomasia mmoja wa kwetu.

Hatusemi kwamba Kambona alijua hati zile ni za uongo. Hatuna haki ya kusema hivyo. Siku zile zilikuwa za hofu ya kweli: serikali kadhaa za Afrika zilikuwa zimeangushwa, Kongo ilikuwa inawaka moto, na mwezi ule ule askari wa Kibelgiji walitua Stanleyville wakiletwa na ndege za Marekani. Mtu mwenye hofu huamini upesi. Tusemalo ni kwamba tangazo la hadharani hufuatwa na makofi, wala halina swali la nyongeza. Laiti hati zile zingewekwa kwanza mbele ya watu wachache wenye akili tulivu na wasioogopa kumwuliza waziri zimetoka wapi, nani amezileta, zimepimwa na nani, pengine nchi ingeepushwa na fedheha. Swali gumu lingekuwa limemkinga waziri mwenyewe kabla ya kuwasaidia wapinzani wake.

Mwaka uliofuata lilikuja jambo kubwa zaidi, nalo halikuwa la kughushi. Tarehe 11 Novemba 1965 Wazungu wachache wa Rhodesia, wakiongozwa na Ian Smith, walijitangazia uhuru ili wasiwape Waafrika walio wengi haki yao. Uingereza, iliyokuwa mwenye koloni, haikutumia nguvu. Mapema mwezi Desemba mawaziri wa nchi za nje wa Afrika walikutana Addis Ababa, na Kambona akiwamo. Waliazimia kwamba kama Uingereza haitakuwa imeyazima maasi yale ifikapo tarehe 15 Desemba, nchi zote wanachama zivunje nayo uhusiano wa kibalozi.

Azimio ni rahisi kupigiwa kura. Umoja ulikuwa na nchi zaidi ya 30, lakini siku ilipofika zilizotimiza neno lao hazikufika 12. Tanzania ilikuwa mojawapo. Tarehe 14 Desemba Nyerere mwenyewe alikwenda Bungeni, akawaeleza wabunge kwa urefu sababu za hatua hiyo na hasara zake, na siku ya pili uhusiano ukavunjwa. Mkopo wa Uingereza wa pauni milioni 7.5 uliokuwa umekwisha kukubaliwa ukazuiwa. Kwa nchi maskini fedha hizo zilikuwa mashule, barabara na hospitali ambazo hazikujengwa wakati ule. Uhusiano haukurudishwa mpaka mwezi Julai 1968.

Ikiwa bado yuko msomaji aaminiye kwamba mambo ya nchi za nje hayafiki Nyololo, basi atazame barabara ipitayo hapo. Zambia, nchi isiyo na bahari, ilikuwa ikipata mafuta yake kwa njia ya Rhodesia. Njia hiyo ilipozibwa, mafuta yakawa hayana budi kupita kwetu, mengine kwa ndege, mengine yakijazwa katika mapipa na kupakiwa juu ya malori kutoka Dar es Salaam, kupanda Iringa, kuvuka nyanda zetu mpaka Mbeya, na kushuka Tunduma. Njia ile haikuwa na lami kwa sehemu kubwa. Wakati wa mvua iligeuka tope na utelezi, na madereva wengi walipoteza maisha yao. Wale waliosema Kiingereza waliipa jina lenye neno jehanamu ndani yake. Baadaye likatandikwa bomba la mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lililomalizika mwaka 1968. Barabara ikatiwa lami. Na kati ya 1970 na 1975 ikajengwa reli ya TAZARA, ipitayo Makambako na Mbeya, yenye urefu wa kilometa 1,860, kwa msaada wa Wachina.

Basi lami ambayo mkulima wa Nyololo hupitishia viazi vyake na mbao zake ina asili katika maamuzi yaliyozungumzwa Addis Ababa na kuelezwa katika Ukumbi wa Karimjee. Faida zake twazila hadi leo, na gharama yake tuliilipa pia. Hiyo ndiyo sababu swali kwa Waziri wa Nchi za Nje ni swali la mwananchi wa kawaida.

Mwaka 1966 Kambona aliondoka katika wizara ya nchi za nje, akapewa mambo ya tawala za mikoa. Kufikia hapo urafiki wake na Nyerere ulikuwa umepoa. Tarehe 5 Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha, lililotaka njia kuu za uchumi ziwe mali ya umma na lililowakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, hisa za makampuni au nyumba za kupangisha. Kambona hakuridhika na mwendo huo. Mwezi Juni 1967 alijiuzulu uwaziri na ukatibu mkuu wa chama, na mwezi uliofuata akaondoka nchini kwa njia ya Nairobi, akafika London, akabaki huko kwa miaka 25.

Tuseme kwa uangalifu yaliyofuata, kwa kuwa hapa ndipo wengi huanza kupiga kelele. Alipokwisha kuondoka, alishutumiwa hadharani kuhusu fedha alizokuwa nazo. Naye kutoka ng'ambo aliishutumu serikali kwa udikteta. Kila upande ulisema, wala hapakuwa na mahali ambapo pande mbili zingeweza kukaa na kuulizana. Mwezi Oktoba 1968 chama kilimfukuza uanachama, pamoja na wabunge kadhaa, ambao baadhi yao walikuwa wa mikoa yetu hii ya kusini, kama Eli Anangisye wa Rungwe. Kwa kuwa nchi ilikuwa na chama kimoja tangu katiba ya 1965, aliyepoteza kadi alipoteza na kiti chake cha Bunge. Hivyo mtu aliyefukuzwa hakuweza kusimama katika ukumbi ule kujieleza, na waliobaki walijifunza kwamba swali laweza kuwa na bei.

Ndugu zake wawili waliwekwa kizuizini kwa miaka mingi. Sheria ya kuwaweka watu kizuizini pasipo kuwapeleka mahakamani ilipitishwa na Bunge mwaka 1962, na Kambona mwenyewe alikuwa miongoni mwa mawaziri wa serikali iliyoileta. Tunalitaja hili pasipo kumsimanga marehemu. Twataka kila atungaye sheria aikumbuke siku ambayo sheria ile ile itabisha hodi kwenye nyumba ya wazazi wake.

Mwaka 1970 ilifunguliwa kesi ya uhaini Dar es Salaam. Kambona alitajwa kuwa kiongozi wa njama ya kuipindua serikali, lakini hakuwapo kizimbani. Shahidi mkuu wa serikali alikuwa Potlako Leballo, kiongozi wa PAC ya Afrika Kusini, chama kimoja katika vyama vya ukombozi vilivyopokewa Dar es Salaam chini ya kamati ambayo Kambona aliwahi kuiongoza. Kesi ilimalizika mwaka 1971, na miongoni mwa waliopatikana na hatia walikuwamo Bibi Titi Mohamed, mama aliyewaamsha wanawake wa nchi hii kudai uhuru, na Michael Kamaliza, aliyekuwa waziri na kiongozi wa wafanyakazi. Bibi Titi alisamehewa na Rais, akatolewa gerezani mwaka 1972. Kambona alikaa London. Aliyewahi kuwa na makatibu na mabalozi akawa mkimbizi asiye na nchi ya kuisemea.

Alirudi mwezi Septemba 1992, mwaka ule ule sheria ilipoanza tena kuruhusu vyama vingi. Umati ulimpokea, ukitaka kusikia siri za miaka 25. Alijiunga na siasa za upinzani kwa chama cha TADEA, lakini nguvu za ujana zilikuwa zimekwisha, na waliomsikiliza walikuwa watu wa kizazi kingine. Hakupata tena cheo. Miaka mitano baadaye alifariki, na rafiki yake wa Tabora akamfuata mwaka 1999.

Tumhukumuje? Sisi hatukuwekwa kuwa mahakimu wa wafu. Twaweza hata hivyo kusema tunayoyaona. Oscar Kambona alikijenga chama kilicholeta uhuru, aliwaendea askari waasi akiwa mikono mitupu, na aliiweka nchi yetu mstari wa mbele katika ukombozi wa bara zima. Aliwahi pia kulitumia neno la taifa kabla ya kulipima vya kutosha, na nchi ikaaibika. Alikuwa na kasoro na fadhila, kama sisi sote.

Yako mambo mawili ambayo tungependa kila nyumba iyazungumze jioni moja baada ya chakula. La kwanza ni kwamba swali haliwi tusi. Mbunge amwulizaye waziri wa nchi za nje kwa nini tumetia sahihi mapatano fulani, au askari wetu wamepelekwa nchi fulani kwa idhini ya nani, halivunji heshima taifa. Analilinda, kwa sababu jibu lililopimwa nyumbani halitatuaibisha ugenini. Vivyo hivyo mtoto amwulizaye baba yake fedha za mahindi zimekwenda wapi, kama ameuliza kwa adabu, hamdharau baba.

La pili ni kwamba haifai mtu kuhukumiwa kwa kelele akiwa hayupo. Miaka 25 mambo ya Kambona yalijadiliwa pasipo Kambona, naye aliyajadili mambo yetu pasipo sisi. Kila upande ulizidi kuamini maneno yake wenyewe, na ukweli, ambao pengine ulikuwa katikati, haukupata kiti. Makosa yake, kama yalikuwapo, yangeonekana wazi zaidi kama angeulizwa ana kwa ana. Na kama alionewa, hilo nalo lingeonekana.

Basi siku nyingine Bunge linapokaa, na Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje anapoitwa kujibu, wasomaji wetu wasipunguze sauti ya redio. Wasikilize jibu, kisha wasikilize kwa makini zaidi swali la nyongeza. Na marehemu Oscar Kambona tumwombee pumziko jema, pamoja na wote waliotofautiana naye.